Saa ya Salamu ya Mukuyuni

Ndinda hakuwa na cheo kikubwa. Katika zahanati ya kanisa pale Mukuyuni alikuwa karani, na kazi yake nyingi ilikuwa kuandika kadi za wagonjwa na kuwagombeza waliotaka kuruka foleni. Lakini kwenye kona ya ofisi yake palikuwa na redio ya mawasiliano, ile watu waliyoiita redio kol, na kwa sababu ya redio hiyo jina lake lilijulikana mpaka ng'ambo ya Mto Athi, kwa watu ambao hawakuwahi kumtia machoni.

Redio hizo zililetwa baada ya njaa ya mwaka wa themanini na nne. Mwaka ule lori la unga lilipita kijiji chenye njaa likaenda kumwaga chakula kwenye kijiji kilichokuwa tayari kimepata, kwa sababu hakukuwa na simu wala njia ya kuuliza. Wafadhili waliposikia, wakatoa redio moja kwa kila zahanati ya kanisa, upande wa Makueni na upande wa Kitui. Ilikuja na sola ya kuweka juu ya paa, betri ya gari ya kuweka chini ya meza, na waya mrefu wa kufunga kati ya nguzo mbili. Mukuyuni ikafanywa kituo cha kati. Kila asubuhi Ndinda aliita vituo kimoja kimoja, vikajibu: wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa, dawa zilizoisha. Akishaandika, anafunga. Ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu, mpaka alipokuja Mbula.

Mbula alikuwa nesi wa kituo cha Kilumbi, mbali kule kusini mwa Kitui, ukishapita Ikutha na kuendelea mpaka ushangae kama bado kuna watu mbele. Aliletwa huko akiwa bado kijana, hajaolewa, akapewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zahanati na mlinzi aliyeishi hapo hapo na mkewe. Asubuhi moja alimaliza ripoti yake, Ndinda akangoja amalizie kwa neno la kuagana, lakini Mbula hakuaga.

"Mukuyuni," akasema, "hapo kwenu kuna mtu ana nafasi kidogo? Sijaongea na mtu mzima asiye mgonjwa tangu Jumapili. Ova."

Ndinda alicheka, halafu akaona si jambo la kuchekwa. Akamwambia awashe redio jioni, kazi zikiisha, waongee. Jioni ile waliongea juu ya mvua, juu ya bei ya mafuta ya taa, na juu ya mbuzi wa mlinzi aliyeingia zahanati akala bandeji. Walipokuwa wakiagana sauti ya tatu ikaingia, nzito kama ngoma.

"Samahani, wanangu. Hapa Ndauni. Nilikuwa nasikiliza tu. Huyo mbuzi alipona? Ova."

Huyo alikuwa Mzee Kivuva, mhudumu wa kituo cha Ndauni na mzee wa kanisa huko. Mkewe alikuwa amefariki na watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa wakaenda. Kesho yake akaja tena. Kisha akaja Wahome, karani wa kliniki ya Makindu, mjukuu wa wenye duka waliotoka milima ya baridi ya Murang'a reli ilipojengwa na kukaa pale barabarani. Yeye ndiye aliyekuwa na Landrova ya kliniki na ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Vituo vingine vilichungulia na kutoka, lakini hawa wanne hawakukosa. Wakaiita saa ya salamu.

Ndinda ndiye aliyeiongoza, kwa sababu mtu asipoongoza kwenye redio ya namna ile watu wanabonyeza kitufe pamoja na hakuna anayesikika. Aliweka masharti. Mmoja anaongea, wengine wanangoja. Ukimaliza sema ova. Jina la mgonjwa halitajwi. Siasa haitajwi, maana hakuna ajuaye nani mwingine anasikiliza. Na usimseme vibaya mtu asiye na redio ya kujitetea. Hilo la mwisho Mbula alilipenda sana, akasema lingefaa kuandikwa mlangoni mwa kila kanisa.

"Hapa Makindu," Wahome angeanza. "Mimi nauliza tu. Hiyo muthokoi yenu, mahindi makobolewa na maharagwe bila viazi, mnaimezaje? Ova."

"Kijana," Mzee Kivuva angejibu, "viazi ni chakula cha watu wa baridi. Weka viazi kwa muthokoi upate uji. Ova."

"Baba, mwachie," angesema Mbula. "Siku akioa Mkamba atafundishwa. Ova."

"Nitaoa nani, na nyinyi wote ni sauti tu? Ova."

Hapo Mbula angecheka, akisahau kidole kwenye kitufe, na kicheko chake kingeingia katika vituo vyote mpaka mwisho. Kilumbi watu walizoea kuja kukaa nje ya dirisha jioni kumsikiliza nesi wao akichekeshwa na watu wa mbali.

Haikuwa furaha siku zote. Kuna wakati Wahome alimfanyia mzaha Mzee Kivuva juu ya maombi marefu aliyofungia saa ya salamu, akasema malaika wenyewe huanza kusinzia. Mzee hakujibu, na kwa siku nyingi hakuonekana hewani. Ndinda akamwambia Wahome wazi kwamba hataruhusiwa kusema neno jioni mpaka amwombe mzee msamaha, na amwombe kwa Kikamba, ili ajue amejinyenyekeza. Wahome akajifunza maneno hayo kutoka kwa mwuguzi mmoja wa Makindu. Akayasema siku ya pili, akayakosea vibaya sana, na Mzee Kivuva, aliyekuwa anasikiliza muda wote kimya, akacheka mpaka akakohoa. Ikaisha hivyo.

Mume wa Ndinda, Mulei, fundi wa baiskeli pale sokoni, hakuelewa. "Watu hujawahi kuwaona," alimwambia, "lakini unajua mpaka mbuzi wao wamezaa." Ndinda alisema ndiyo, anajua, na mmoja amezaa mapacha.

*

Mwaka wa themanini na tisa, mwanzo wa kiangazi, mratibu wa zahanati alikuja kutoka ofisi kuu ya kanisa. Jina lake Nzomo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwangalifu, mwenye suti ya kahawia na viatu alivyofuta vumbi kabla ya kuingia. Alikaa kwenye benchi ya wagonjwa akamweleza Ndinda kwamba betri zinakufa haraka kuliko walivyotarajia, na wafadhili wanauliza. Mgeni mmoja wao alikuwa amefika ofisi kuu jioni, redio ikiwa imewashwa, akasikia watu wakicheka. Aliomba kutafsiriwa. Alitafsiriwa habari za viazi.

"Leseni tuliyopewa ni ya mambo ya afya," Nzomo alisema. "Serikali ikisikia tunapiga soga, watachukua redio zote. Halafu asubuhi mtoto akipata degedege utaita nani?"

"Mratibu, huyu sista wa Kilumbi yuko peke yake kule."

"Aliajiriwa kutibu, mama. Kuwa peke yake ni sehemu ya kazi."

"Na dharura ikitokea jioni?"

"Nikuulize wewe. Tangu redio zije, dharura za jioni zimekuwa ngapi?"

Ndinda alifikiri. Zilizokuja zote zilikuwa zimekuja asubuhi, kwa sababu watu wa vijijini hubeba mgonjwa usiku kucha na kufika alfajiri. Akasema hakuna. Nzomo hakumsukuma. Alisema tu kwamba kuanzia wiki ijayo, ripoti ya asubuhi ikiisha, kila kituo kitatoa waya kwenye betri na kuuweka kwenye droo, na kwamba Ndinda, kwa kuwa ndiye kiongozi wao, ndiye atakayewatangazia.

Aliwatangazia jioni ya Ijumaa. Alisoma amri kama ilivyokuwa, bila kuongeza lake, kisha akaita vituo kimoja kimoja athibitishe kwamba wamesikia. Wahome alisema amesikia, na kwamba ofisi kuu wote ni wakavu kama samaki wa Kisumu. Ndinda hakumkaripia. Mzee Kivuva alisema amesikia na mamlaka yote yatiiwe, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kilumbi, umesikia? Ova."

Mngurumo wa redio, kisha sauti yake.

"Nimesikia, dada. Sasa jioni nitaongea na nani? Ova."

"Asubuhi tutakuwa pamoja. Ova."

"Asubuhi mimi ni hesabu ya wagonjwa tu." Akajilazimisha kucheka. "Haya. Usijali. Mzee, uniombee, hata maombi yakiwa marefu. Ova."

"Nitakuombea, mwiitu wakwa, binti yangu," alisema Mzee Kivuva. "Kila siku. Ova."

Jumatatu Ndinda alitoa waya kwenye betri ripoti ilipoisha, akauweka kwenye droo pamoja na mihuri. Jioni alirudi nyumbani mapema. Mulei alifurahi kumpata, akaona mkewe anakaa uani anachambua mbaazi bila kusema neno, akaacha kufurahi.

Wakazoea, kama watu wanavyozoea chochote. Asubuhi walisikiana: malaria, chanjo, dawa zimeisha, asante, kwaheri. Mara moja moja Mbula aliingiza neno dogo katikati ya hesabu, "kuhara, watano, na mimi nimechoka," na Ndinda aliandika watano, akaliacha hilo lingine lipite kwa kuwa ofisi kuu pia huwa inasikiliza asubuhi.

*

Asubuhi moja Kilumbi haikujibu. Ndinda aliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipita kwa vituo vingine akarudi tena Kilumbi. 

"Labda betri, ova," alisema Wahome.

"Mbula hachelewi," alisema Mzee Kivuva bila hata kutaja kituo chake. "Huyu mtoto hachelewi. Mtu aende."

Aliyekuwa karibu zaidi na mwenye gari alikuwa Wahome. Hakungoja kuambiwa. Alisema anaenda, na kwamba atabeba dawa mbalimbali kutoka kwa friji, maana huwezi kujua. Ndinda hakuutoa waya kwenye betri siku hiyo. Wagonjwa walikuja, akawaandikia kadi huku ameipa redio sikio moja, na kila mtu aliyetaka kupiga gumzo alinyamazishwa.

Mchana jua likiwa kali, redio ikapasua.

"Mukuyuni."

Ilikuwa sauti ya Wahome, lakini ilitoka kwa nguvu na usafi wa kituo cha Kilumbi. Ndinda akajua amekaa kwenye kiti cha Mbula.

"Nakusikia, ndugu. Umefika? Ova."

"Nimefika." Hakusema ova. "Mbula hayuko."

"Ameenda wapi? Ova."

"Dada, Mbula ameaga dunia. Alfajiri. Nyoka." Kisha hakusema lingine, wala hakuachilia kitufe. Aliyeshika kitufe huwafunga wengine wote, hivyo Ndinda hakuweza kumjibu, wala Mzee Kivuva, wala mtu yeyote kati ya Athi na Mukuyuni. Walibaki kusikiliza alichokuwa anasikia yeye: kuku, mlango ukigonga kwa upepo, na nyuma yake wanawake wakilia.

*

Walimzika nyumbani kwao, upande wa Zombe. Ndinda alienda na Mulei. Walifika watu wameshaanza kujaa, viti vya kanisa vimepangwa chini ya turubai, na Ndinda alisimama pembeni bila kumjua mtu hata mmoja. Ndipo akasikia nyuma yake mtu akiuliza maji ya kunywa yako wapi. Aligeuka haraka.

"Makindu?" akasema.

Mtu huyo aliganda. Kwa miaka yote Ndinda alikuwa amemwona Wahome akilini kama kijana mwembamba, mwenye shati la kung'aa. Aliyesimama mbele yake alikuwa mtu mnene mwenye kipara, macho mekundu, amepita umri wa kuitwa kijana.

"Mama Mukuyuni," akasema, akamshika mikono yote miwili.

Mzee Kivuva ndiye aliyewatafuta. Walitazamia jitu, kwa ile sauti, akaja mzee mfupi anayechechemea, kofia mkononi, koti limemzidi. Aliposema "Wanangu," watu waliokaa karibu waligeuka kuangalia sauti hiyo imetoka wapi.

Walipanga foleni pamoja kwenda kumtazama. Jeneza lilikuwa na kioo kidogo upande wa kichwa. Ndinda alikuwa ameogopa kwamba atalia kwa sauti, lakini alipofika alishikwa na jambo lingine kabisa. Hakumjua. Uso ulikuwa mdogo, mweusi, na alama nyembamba juu ya nyusi, uso wa msichana ambaye angeweza kupishana naye sokoni, mjini Wote, asimsalimie. Alitazama midomo ile akijaribu kuilinganisha na sauti, na haikulingana. Wahome alimshika kiwiko akamsogeza, kwa kuwa wengine walikuwa wanangoja.

Baada ya mazishi mke wa mlinzi wa Kilumbi, mwanamke wa makamo aitwaye Nthenya, aliuliza nani ni Mukuyuni. Wakamwonyesha. Akaja akakaa chini mbele yao, miguu ameinyoosha, akasimulia.

Mbula alitoka jioni kuchukua kuni za kupikia. Nyoka aina ya kifutu alikuwa amelala kati ya kuni, akamgonga mkononi, juu kidogo ya kifundo. Alijifunga kitambaa mwenyewe, akajua ni nini, akajua pia kwamba dawa ya sumu hiyo haiko Kilumbi. Mume wa Nthenya alikuwa amesafiri. Nthenya alikimbia dukani kutafuta gari, akaambiwa lori limeenda Kitui na halitarudi mpaka kesho. Aliporudi alimkuta Mbula ameingia ofisini, anajaribu kufunga waya kwenye betri kwa mkono mmoja, mwingine umeshavimba.

"Nikamfungia mimi," alisema Nthenya. "Akanionyesha mwekundu na mweusi. Taa ikawaka. Jua halijatua bado, watoto walikuwa wanatoka mtoni. Akaanza kuita."

"Aliita nani?" Ndinda aliuliza, ingawa alijua.

"Aliita Mukuyuni. Aliita Makindu. Aliita Ndauni. Anaita, anasema ova, anangoja. Tena anaita. Nikamuuliza, sista, hawa watu wako wamelala? Akasema hapana, hawajalala, wametii tu." Nthenya alifuta pua kwa leso. "Hakuwa na hasira. Mimi ndiye nilikuwa na hasira. Giza likaingia anaita, sauti ikipungua. Halafu akanipa mimi hicho kitu nibonyeze. Nikaita. Sikujua kusema vizuri. Nikasema tu, tusaidieni."

 Ndinda aliihesabu jioni ile akilini mwake. Alikuwa uani na mbaazi zake. Kutoka pale mpaka ofisini ni umbali wa kumwita mtoto na kumsikia akiitika.

"Makindu mpaka kule," Wahome alisema polepole, "na daraja la Athi ni kavu, mimi ningefika kabla watu hawajamaliza kula. Dawa ilikuwa kwa friji. Niliibeba asubuhi. Niliibeba nikiwa nimechelewa."

"Daktari alisema labda," Mulei alisema kwa upole, maana alikuwa amemsikia daktari akiongea na wazazi. "Alisema labda angepona, labda asingepona."

"Labda inatosha," alisema Wahome. "Ningeenda kwa hiyo labda."

Nthenya akakumbuka jambo lingine. Alisema kwamba Mbula, hata baada ya amri, alikuwa na tabia ya kurudisha waya kila jioni. Haongei. Anakaa tu, sauti ya chini, anasikiliza ule mngurumo kwa muda, kisha anauzima. Nthenya alimuuliza anasikiliza nini. Alisema labda kuna mtu.

Mzee Kivuva alivuta kiti akaketi.

"Nilikuwa mimi," akasema.

Walimtazama.

"Nilikuwa naiwasha na mimi. Kila jioni. Nilikataza kidole changu kubonyeza, kwa sababu nilisema mamlaka yatiiwe, nilisema mwenyewe mbele yenu. Nikakaa nikisikiliza. Sikusikia mtu. Wiki iliyopita nikajiambia, wewe mzee, unasikiliza upepo. Nikauacha waya kwenye droo." Aliweka kofia usoni. Ile sauti kubwa ikatoka ndani ya kofia, imevunjika. "Tulikuwa wote wawili hapo. Jioni zote hizo. Mtoto yuko upande huu na mimi niko upande huu, na hakuna aliyesema habari yako."

Wahome, ambaye kazi yake ilikuwa kumchokoza mzee huyo, alipiga magoti kwenye vumbi akamshika mabega, akakaa naye hivyo mpaka watu wakaanza kukunja viti.

Nzomo alikuwepo. Alikuwa ametoa salamu za rambirambi za kanisa kaburini, maneno mazuri, kwa sauti isiyotetemeka. Ndinda alimfuata alipokuwa anafungua mlango wa gari. Mulei alijaribu kumzuia, hakusimama.

"Mratibu, uliniuliza dharura za jioni zimekuwa ngapi," alisema. "Sasa ni moja."

Nzomo alibaki ameshika mlango. "Ile leseni sikuitunga mimi, Ndinda."

"Najua."

"Kama serikali ingechukua redio, wangekufa wengi."

"Najua pia. Mimi sijaja kukulaumu. Nilitii, wala hukunilazimisha. Nimekuja kukuambia kwamba Jumatatu jioni nitaweka waya, na sitautoa. Ukitaka karani mwingine, mtafute kabla ya Jumatatu."

 Nzomo alitazama upande wa kaburi, ambako vijana walikuwa bado wanarundika mawe. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya mratibu, "Nitaongea na kamati." Akaingia ndani ya gari akaondoka.

*

Kamati ilikaa, na kwa mshangao wa Ndinda haikumwita. Jibu lilikuja kwa redio yenyewe, asubuhi ya Jumatatu, Nzomo akiongea kutoka ofisi kuu. Vituo vyote viwe wazi jioni mpaka giza kwa ajili ya dharura, na katika kungoja dharura, wahudumu wanaruhusiwa kujuliana hali. Maneno yalikuwa hayo hayo: kujuliana hali. Akayarudia.

Jioni ikafika. Ndinda alibaki ofisini peke yake baada ya wagonjwa kuondoka. Aliketi, akanyoosha mgongo, akabonyeza.

"Vituo vyote, hapa Mukuyuni. Nani yuko hewani? Ova."

"Makindu yuko. Ova."

"Ndauni yuko, mwanangu. Ova."

Kilumbi hapakuwa na mtu. Nesi mpya alikuwa bado anatafutwa, na zahanati ilikuwa imefungwa.

Ndinda alifungua mdomo aseme jambo. Alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, ya kuwashukuru na ya kuwatia moyo. Yakapotea. Aliachilia kitufe. Alingoja Wahome aanze, maana Wahome huwa hakosi neno. Wahome hakuanza. Mara moja redio ilipasua kama mtu aliyebonyeza, ikasikika pumzi, ikakatika.

"Mzee," Ndinda alisema baada ya muda, "utatuombea? Ova."

"Leo sina maneno," alijibu Mzee Kivuva. "Lakini niko. Msifunge. Ova."

Hawakufunga. Mngurumo uliendelea ndani ya ofisi, na nje watu wa soko walikuwa wanafunga vibanda, na mtu alikuwa anamwita ng'ombe. Ndinda aliweka kichwa kwenye mikono yake juu ya meza. Hakuna aliyeongea tena mpaka giza, ila kila baada ya muda mmoja wao alibonyeza na kusema jina la kituo chake tu, Makindu, au Ndauni, na Ndinda akajibu Mukuyuni.

Aliporudi nyumbani Mulei alikuwa amempashia chakula. Alimwekea, akakaa mkabala naye, akangoja amalize tonge la kwanza.

"Mmeongea nini?" akamuuliza.

"Hatukuongea. Tulikaa tu."

"Na kesho?"

"Kesho pia."

Mulei alitaka kuuliza kama hilo linasaidia kitu. Ndinda aliliona swali usoni mwake, akatikisa kichwa kwamba hajui, akaendelea kula.